Pumba Zilizoenda kwa Kuku

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, nilifika na viatu vipya vya kunibana na kichwa kilichojaa maneno ya chuo. Afisa Lishe Mkuu, mama wa Cheptais asiyependa haraka, alikaa kando akinisikiliza nikimhoji mgonjwa wa kisukari: asubuhi unakula nini, mchana nini, jioni nini. Mgonjwa alipotoka akaniambia, "Umeuliza vizuri. Lakini hujauliza nani anapika. Huyo mzee tangu azaliwe hajashika mwiko." Nilinuna, maana nilijiona nimesoma. Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaoingia kazini mkiniuliza nilijifunzia wapi, nawaambia ni hapo.

Wakati ule kazi yetu ilikuwa mchoro wa sahani ukutani: hiki cha kutia nguvu, hiki cha kujenga mwili, hiki cha kulinda. Habari za polifenoli zilitufikia baadaye, kwenye semina. Hizo ni kemikali za mimea, zile zinazoipa nafaka ya wimbi wekundu wake, chai ukakasi wake na mboga ya kienyeji iitwayo saga uchungu wake. Nyingi hazifyonzwi haraka. Huteremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanaoishi ndani yetu huzivunjavunja kuwa vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye damu. Bakteria hao hao hula nyuzinyuzi za chakula na kutoa asidi zinazousaidia mwili kutumia sukari. Usipowalisha, wanapungua. Lakini msije mkamwambia mtu atupe vidonge eti kwa sababu ya saga. Na ukakasi huo huo huzuia mwili kupata madini ya chuma, ndiyo maana tuliwagombeza wajawazito walioteremshia chakula kwa chai. Kila kitu na mahali pake.

Nilipohamishiwa Bungoma, Daktari wa kliniki ya kisukari aliniita siku moja kuhusu Mzee Wekesa, mkulima wa Kimilili. Mzee alikuwa na kidonda mguuni kisichotaka kupona.

"Dawa anameza zote," Daktari akasema. "Anasema anakula wimbi na mboga za kienyeji, vile tulimwambia. Sukari haishuki. Nenda uone kwake. Kidonda kikizidi, huo mguu tutaukata."

Nilimkuta mzee sebuleni, mguu juu ya kigoda. Sikukaa naye sana. Niliomba maji ya kunywa, nikayafuata mwenyewe jikoni, na huko nikampata Nasimiyu, mke wa mwanawe, aliyekuwa akimpikia. Mume wake alifanya kazi mbali. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Mawifi wanakuja Jumapili," akaniambia. "Wanasema ati namlisha baba yao vibaya ndio afe haraka. Mguu ukikatwa, mimi nitarudishwa kwetu. Na watoto wangu je?"

Nikamwambia apike kama kawaida, mimi niangalie. Akachekecha unga wa wimbi kwa kitambaa mpaka ukabaki laini kama poda, kisha akauchanganya na unga mweupe wa dukani, tena mwingi, ili ugali usikwaruze koo. Pumba akawamwagia kuku. Saga akaichemsha, akamwaga maji, akaichemsha tena, akamwaga tena, halafu akaizamisha kwenye maziwa.

"Mbona unamwaga hayo maji yote?"

"Sista, si ni uchungu? Baba mkwe hapewi chungu. Mama mkwe kabla afariki alinifundisha hivyo. Mzee anapewa laini."

Roho iliniuma. Msichana huyu alikuwa akifanya kazi mara mbili ya wengine, na kila alichokiondoa kwa heshima ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Bakteria wa mzee walikuwa wanalala njaa, kuku wanashiba.

Nilipomweleza, akashika kichwa. "Sasa mimi nitamwambia aje?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, na neno la moja kwa moja baina yao ni nadra. Chakula alikuwa akikiacha mlangoni. Basi kazi yangu ikawa kutembea, jikoni hadi sebuleni, sebuleni hadi jikoni.

"Pumba?" mzee akasema. "Si hiyo ni ya kuku?"

"Ndiyo, mzee. Umeona kuku wako hata mmoja akichechemea?"

Hakucheka. "Huyo mtoto ananiheshimu sana. Akiniletea pumba, watu watasema nini?"

"Watasema Mzee Wekesa anatembea."

Akautazama mguu wake. Nikarudi jikoni, nikamwambia Nasimiyu asichekeche, aache unga wa dukani, na maji ya saga asiyamwage. Ugali ukatoka mweusi, mgumu, mdogo. Nikaupeleka mimi. Mzee akatafuna polepole, uso umekunjamana, na mimi nikala naye. Mwishowe akainua sauti kuelekea ukuta wa jikoni.

"Mama, hii iko chungu."

Kule jikoni sufuria zikanyamaza.

"Kesho ufanye hivi hivi. Na Jumapili, hao wasichana wangu wakikuja, wape hii hii."

Nilimkuta Nasimiyu amekaa chini, analia na kufuta pua kwa leso. Tangu aolewe, mzee hakuwa amemwita Mama.

Sukari ilishuka taratibu. Vidonge hatukupunguza, kidonda kilioshwa kila siku, na siwezi kuwaapia kipi kilifanya kipi. Mguu haukukatwa. Nasimiyu hakurudishwa kwao.

Sasa niko Matulo, kwa kijana wangu. Jioni ya kwanza mke wake aliniletea ugali mweupe, laini, na mboga iliyojaa maziwa. "Mama, umefanya kazi sana. Sasa ule vizuri." Nilikula wote, nikamshukuru, na usemi wangu wote wa kliniki ukaniishia mdomoni. Nilifurahi kupendwa, nisiwadanganye.

Asubuhi nikaingia jikoni, nikavuta kigoda. Alikuwa na kitambaa mkononi, anachekecha.

"Hizo pumba unapeleka wapi?"

"Kwa kuku, mama."

"Rudisha," nikamwambia. "Kuku watangoja."