Dishi Miguuni pa Baba

Baada ya kumzika baba nilikaa na mama kule Mghange mlimani mpaka ruhusa yangu ya kazi ikaisha, nikaomba nyingine, nayo ikawa inaelekea ukingoni. Kazi yangu iko Voi. Ndugu zangu walikuwa wamesharudi makwao, na mama hakutaka hata kusikia habari ya kushuka nami bondeni. Joto la Voi, alisema, halina adabu. Mimi nilichoogopa ni kimya cha ile nyumba jioni. Nikamwambia, "Nitakununulia televisheni, mama. Ikishashika, uwe na sauti ndani ya nyumba, ndipo niende."

Akainuka, akaenda kuchochea moto. Nikadhani amekubali.

Fundi alipanda kutoka Wundanyi kwa bodaboda, dishi amelikumbatia kifuani. Alizunguka nyumba huku ameinua uso, kisha akasema shida ni miti. Migrevilea ya baba imesimama pande zote, mirefu kuliko nyumba.

"Hii miti ikatwe, mama. Dishi haioni mbingu, inaona majani."

"Hiyo miti ndio imeshika shamba," mama akamjibu. "Ukikata, mvua moja tu na sisi wote tunaamkia kwa jirani wa chini."

Hakuna aliyebisha. Mashamba yetu yamelala kiubavu mlimani, na kila mtu anajua mti wake umeshika nini. Mahali pekee palipokuwa wazi ni chini kidogo ya nyumba, penye kaburi la baba, kwa sababu vijana walikata miti kadhaa ili hema za matanga zipate nafasi. Fundi alikuwa amepaona mapema ila aliona haya kusema. Nikasema mimi, nikijua mama atanifokea. Yeye aliitazama ile simenti ya kaburi ambayo hata rangi haijapigwa, akasema, "Wekeni hapo miguuni. Kichwani hapana." Nikacheka, na kicheko chenyewe kikaniuma.

Fundi huyu hakuwa na mita ya kutafutia mawimbi. Wengi hawana. Mita yao ni mdomo wa mtu aliye ndani: fundi anasogeza dishi kidogo, anangoja, anauliza kama imeshika, na aliyekaa mbele ya televisheni anajibu. Mama alijitolea kukaa ndani. Mimi nilisimama kwenye kona ya nyumba kupokezana maneno, maana kutoka kule kaburini hadi sebuleni sauti haifiki vizuri.

"Imeshika?"

"Imeshika, mama?"

"Bado!"

"Bado, fundi!"

Tuliimba hivyo mchana kutwa. Fundi alilegeza nati, akakaza, akalegeza. Nikaanza kuchemka. Mimi nikikasirika hukasirikia kila kitu kilicho karibu: nilimlaumu fundi kimoyomoyo, nikailaumu miti, nikamlaumu hata marehemu kwa kuipanda mingi hivyo. Mwishowe nikaiacha kona yangu, nikaingia ndani nione hicho kioo kinafanya nini.

Mtangazaji wa habari alikuwa amejaa kwenye kioo, safi kabisa, naona hata vifungo vya koti lake. Mama ameketi mbele yake, mikono mapajani, sauti ameizima. Huko nje fundi, aliponikosa, akapaza sauti mpaka ikatufikia: imeshika? Mama hakumwondolea macho mtangazaji. Akajibu kwa nguvu, "Bado!"

Picha ikakatika vipande, ikapotea. Fundi alikuwa amelisogeza dishi tena.

"Mama! Si ilikuwa imeshika?"

Alishtuka kuniona, kisha akatulia. "Imeshika mara nyingi," akasema. "Tangu kabla ya chai."

"Sasa mbona..."

"Si wewe ulisema ikishika unaenda?"

Hakulia. Niliyelia ni mimi, nimesimama pale na hasira yangu yote imekosa pa kwenda. Nilikuwa nimepanga kumwachia sauti za watu wasiomjua, zimjazie nyumba, na nikaona nimefanya la maana. Mchana kutwa alikuwa akiniomba nisiende, kwa neno moja tu, nami nalipokea na kulipeleka kaburini kwa sauti yangu mwenyewe.

Picha ikarudi. Mtangazaji akaendelea kufungua na kufumba kinywa bila sauti. Huko chini fundi akauliza tena, amechoka maskini, kama sasa imeshika.

Nilimtazama mama. Nikaenda mlangoni, nikavuta pumzi.

"Bado!"