Udongo wa Kijivu Chini ya Misonobari

Shemeji yangu Arsenio Wasing alichimba mashimo katika kila mlima wa misonobari unaoonekana kutoka mlangoni kwetu, hadi watu wakamwita Fuko. Ndiyo kazi aliyopewa na watu wa idara ya misitu: kusimama shimoni na kulinganisha tabaka za udongo za mlima huu na ule. Jina hilo halikumuudhi. Lilinikera mimi, maana mimi ndiye niliyeshika jembe la pili, na mgongo ni wangu.

Mwaka jana mlima wa ng'ambo ya mto uliporomoka. Misonobari ilishuka ikiwa imesimama wima, ikafukia shamba la viazi vitamu la jirani zetu kina Tabdi pamoja na ng'ombe wao. Arsenio alienda kukagua lile kovu. Juu palikuwa na udongo mweusi mwembamba, kisha mwekundu, na chini, pale mizizi yote ilipokomea, udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaoteleza kama sabuni. Akarudi akachimba juu ya nyumba ya mama yake. Mweusi, mwekundu, kijivu. Alipotoka shimoni alikaa chini akashindwa hata kuvaa viatu.

Tangu hapo hakuwa na shughuli nyingine duniani ila kumhamisha mama yake, Salda. Na mama mkwe wangu, Mungu anisamehe, ni mbishi kupindukia.

"Mama, mlima huu na ule ulioanguka ni udongo uleule."

"Misonobari hii kaipanda babu yako. Ile ya ng'ambo ni ya wavivu."

"Sasa udongo unamjua mvivu?"

"We Fuko, nenda kachimbe kwa wenzio! Mimi na baba yako hatutoki hapa."

Baba yake tulikuwa tumemzika uani, karibu na jiko, kama tunavyowazika wazee wetu. Kila asubuhi Salda alimmiminia kahawa kabla ya kunywa yake.

Kimbunga kikatangazwa. Mvua ilinyesha mfululizo, na juu ya nyumba ukatokea ufa ambamo mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko. Arsenio alipiga magoti kwenye tope, akalia mbele ya mama yake bila haya. Nilimwambia tumbebe tu.

"Nibebeni," Salda akasema, amekumbatia nguzo. "Nitarudi kwa miguu yangu. Au mtanifunga kamba kama mbuzi?"

Arsenio akainuka kutoka kwenye tope. Kisha akasema, "Mama, nimemwota Baba. Anasikia baridi."

Nilishtuka. Tangu mvua ianze shemeji hakuwa amefumba jicho. Hiyo ndoto angeiotea wapi? Na kwetu, marehemu akija ndotoni kulalamika, kaburi hufunguliwa na mifupa ikavishwa blanketi jipya. Kumsingizia maiti ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

Salda aliiachia nguzo. "Amesemaje hasa?"

"Kasema blanketi limelowa."

"Na mnasimama tu? Chimbeni! Nguruwe wa tambiko tutamchinja baadaye."

Tukachimba huku tukiutazama ule ufa. Ukuta wa kaburi ukajitokeza: mweusi, mwekundu, kijivu, na juu ya kijivu maji yakichuruzika moja kwa moja ndani. Blanketi lilikuwa limeloa chapachapa. Arsenio alilishika. Alikuwa amedanganya, na ilikuwa kweli.

"Mume wangu," Salda akasema, "umelala majini na mimi nakunywa kahawa." Akalia kwa sauti. Akaifunga mifupa ndani ya blanketi lake zuri kuliko yote, akaibeba mgongoni kama mtoto, akatoka uani bila kugeuka.

Njiani akasimama. "Nipeleke mahali pakavu, mwanangu. Simlazi tena majini. Wewe umechimba kote, unapajua."

Arsenio akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Hakukuwa na mlima tuliouchimba tukaukosa ule mfinyanzi.

"Shuleni, Mama," akasema. "Kule juu pakavu."

"Afadhali," Salda akasema, akalipandisha blanketi mgongoni, akatutangulia kupanda. Shimo la shuleni nililichimba mimi mwenyewe, na nilijua kuna nini chini yake.