Radhi za Tharsisi

Tharsisi Ndayikunda aliwaomba radhi watu wote, na wanyama pia. Akikanyagwa gulioni Mabamba, yeye ndiye aliyegeuka na kusema, "Mbabarira," yaani nisamehe, na aliyemkanyaga akapita zake bila neno. Mbuzi wa jirani wakiingia kwenye mahindi yake, aliwaomba radhi kwanza, kisha akawafukuza. Mkewe Immakulata alishawahi kumkuta akiuomba radhi mlango aliojigonga nao. Alipomuuliza kama mlango umemsikia, Tharsisi akamwomba radhi na yeye, kwa kumpotezea muda.

Tabia hiyo alilelewa nayo. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mama aliyembeba alikuwa na chungu kichwani na sheria moja tu mdomoni: ukifika kwenye mji wa watu, omba radhi kwanza, maji utaomba baadaye. Kama hujui umekosa nini, omba hivyo hivyo, wenyewe watajua. Tharsisi akakua nayo. Akapata shamba, akaoa, akapata watoto, na miaka ikaenda mpaka akapata cheti cha uraia wa Tanzania. Alikipokea kwa mikono miwili huku akimwomba radhi ofisa aliyemkabidhi. Immakulata alikuwa pale pembeni, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Usidhani hakumpenda. Alimpenda sana, na kusema kweli mume wa namna ile ana raha yake ndani ya nyumba. Maharage yakiungua, mume anaomba radhi kwa kuleta kuni kavu mno. Hata siku kile chungu cha mama yake, kile kilichovuka mpaka kichwani, kilipokutwa vipande vipande nyuma ya jiko, Tharsisi aliviokota akisema asamehewe, huenda alikiweka vibaya. Immakulata alikuwa amesimama hapo na ufagio mkononi. Alifungua mdomo aseme jambo, akakuta mwenzake ameshamwahi, akaufunga. Ndivyo ndoa yao ilivyokwenda. Hawakulala na ugomvi hata mara moja, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akilipa gharama ya amani hiyo.

Halafu likaja jambo la bomba.

Lilikuwa bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, mali ya jirani yao Marselino Manirambona, aliyelima nyanya kule bondeni. Siku moja Marselino aliliacha kando ya kijito akaenda kijijini kutafuta dawa ya ukungu, na huko akanogewa na maongezi. Tharsisi alipita akaliona. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba na njia ile ina wapita njia wengi, basi akalibeba, akaliweka katika ghala lake ili amrudishie mwenyewe mvua ikikatika. Kabla haijakatika, simu ikaita kutoka Kasulu. Jeanne, binti yao mkubwa, amejifungua salama, mtoto wa kiume, na mama yake aliyekwenda kumuuguza anamwita babu aje. Tharsisi akachanganyikiwa kwa furaha. Alisahau bomba, alisahau kufunga ghala, na alifika Kasulu amevaa kandambili za rangi mbili tofauti.

Walikaa Kasulu kwa raha zao. Huku nyuma Marselino alilitafuta bomba kila mahali, na ukungu haukumsubiri. Waliporudi walimkuta uani kwao, amesimama na mwenyekiti wa kitongoji, bomba limetolewa ghalani limewekwa chini katikati ya watu.

"Umeniibia, Tharsisi?" Marselino aliuliza.

"Mbabarira, ndugu yangu," Tharsisi akajibu.

Marselino akauliza tena, safari hii taratibu, kama mtu anayeomba asaidiwe. Tharsisi akaomba radhi tena, kwa unyenyekevu zaidi, mpaka akavua kofia. Watu wakatazamana. Immakulata alipiga kelele kwamba mume wake si mwizi, lakini mke atasema nini kingine? Na Marselino, ambaye miaka yote alikuwa akizicheka radhi za Tharsisi, siku hiyo alikuwa ametoka kuzing'oa nyanya zilizooza, hakuwa na cheko. Alikwenda polisi.

Kituoni, askari aliyeandika maelezo alifuata utaratibu wote. Alimweleza Tharsisi kwamba anatuhumiwa kwa wizi, kwamba halazimiki kusema chochote, kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi, na kwamba anayo haki ya kuwa na ndugu au wakili wakati wa kuhojiwa. Tharsisi alisikiliza kwa heshima zote. Alipomaliza kusomewa haki ya kunyamaza, alimwomba radhi askari kwa usumbufu, akasema amemkosea sana Marselino. Askari akaandika.

Immakulata alikuja akiwa amefunga pesa kwenye pindo la kitenge, maana alisikia watu wakisema dhamana hununuliwa. Askari akamwambia azifungue akanunue sabuni. Dhamana ni haki na hailipiwi, kinachotakiwa ni mdhamini mwenye makazi yanayojulikana na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Immakulata akatoka mbio mpaka dukani kwa Bi Mwanahawa, muuza sukari, mbegu na dawa za nyanya, ambaye baba yake alitoka pwani na kuhamia huku na biashara zake. Bi Mwanahawa alifunga duka, akajitanda ushungi, akaja kusaini. Askari akamuuliza kama anajua wajibu wake endapo mtuhumiwa atatoroka.

"Huyu?" alisema Bi Mwanahawa. "Huyu akitoroka atarudi kuniomba radhi."

Lakini njiani kurudi alimvuta Immakulata pembeni, na uso wake haukuwa na mzaha. Yeye mahakama aliijua, kaka yake aliwahi kushtakiwa kwa ugomvi wa mzani. Alimweleza kwamba siku ya kwanza hakimu atasoma shtaka na kumuuliza mshtakiwa kama ni kweli au si kweli. Akisema ni kweli, basi yanaandikwa maneno yake, anatia saini yake, na kinachobaki ni adhabu. Hakuna atakayemuuliza Marselino wala kumwita shahidi. "Sasa mumeo na lile neno lake," Bi Mwanahawa alisema, "ataingia jela kwa adabu. Mfundishe kusema hapana, mama Jeanne."

Immakulata akaanza kumfundisha siku hiyo hiyo. Alijifunga kitenge cheusi mabegani kuwa joho, akakaa kwenye kigoda, akamsimamisha mume wake nyuma ya ngazi iliyolazwa ubavu kuwa kizimba.

"Tharsisi Ndayikunda, uliiba bomba. Kweli au si kweli?"

"Mbabarira, mama Jeanne."

"Mimi si mama Jeanne, mimi ni hakimu."

"Mbabarira, mheshimiwa."

Akaona bomba ni zito kwake, aanze na vyepesi. Akamshtaki kwa kuiba mlima. Tharsisi alifikiri, akasema asamehewe kama kuna mtu umemzibia njia. Akamshtaki kwa kuiba mvua ya mwaka uliopita, na hapo Tharsisi alikaribia kabisa, alisema, "Sidhani," lakini papo hapo akaomba radhi kwa kubisha. Walifanya hivyo jikoni, shambani, na njiani kwenda kisimani. Immakulata alibembeleza, akafoka, akanuna. Siku moja alimfokea mpaka kuku wakakimbia, akamwita mtu asiye na uti wa mgongo, kisha akaingia ndani akalia. Aliogopa. Aliwaza Tharsisi akiwa gerezani akimwomba radhi kila anayemnyang'anya shuka, akawaza mjukuu wa Kasulu akikua na babu mwizi. Tharsisi alimfuata ndani akakaa kando yake. Akasema anajaribu, lakini neno lile likifika mdomoni humjia sura ya mama yake, amesimama kwenye mji wa watu na chungu kichwani, akimwashiria anyamaze.

Siku ya shauri walifika mahakama ya mwanzo Kibondo asubuhi, Bi Mwanahawa akiwa nao. Immakulata alikwenda kwanza kwa karani kuuliza ada ya mshtakiwa ni kiasi gani. Karani akamwambia wanaolipa ada ni wanaofungua madai yao, anayeshtakiwa kwa jinai halipi kitu. Immakulata akamgeukia mume wake.

"Umesikia? Kushtakiwa ni bure," alisema. "Na kufungwa ni bure vilevile, kwa hiyo angalia unachosema."

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko Jeanne, mgeni wa mkoa huu, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza Tharsisi kama anaelewa Kiswahili au aletewe mkalimani. Tharsisi akasema anaelewa, asamehewe kwa matamshi yake. Hakimu akasoma shtaka polepole, kisha akauliza kama ni kweli au si kweli.

"Mbabarira, mheshimiwa," Tharsisi akasema. "Naomba radhi."

Immakulata akafumba macho. Alisubiri kusikia kalamu ikikwaruza karatasi, hakuisikia. Alipofumbua aliona hakimu ameiweka mezani.

"Unaomba radhi ya nini, mzee?"

Hilo ni swali ambalo Tharsisi hakuwahi kuulizwa maishani mwake. Watu wote waliokuwa wameombwa radhi walizipokea tu wakaenda zao.

"Ndugu yangu Marselino amekasirika," alisema mwishowe. "Nyanya zake zimeoza."

"Nimekusikia. Lakini mimi siulizi nani amekasirika," hakimu alisema. "Kuomba radhi ni hiari yako, sikukatazi. Ila nitakachokiandika hapa ndicho kitakachoamua mambo yako, na siwezi kukuandika mwizi kwa sababu una adabu. Nakuuliza tena, na usijibu mpaka uwe umenielewa. Je, ulilichukua bomba hilo ili liwe lako?"

Tharsisi aliweka mikono juu ya ubao wa kizimba. Immakulata alijizuia asimnong'oneze. Alimwona anamtazama Marselino, kisha hakimu, kisha anashusha macho chini, mahali ambapo mtu hutazama akiwa anazungumza na aliyekufa. Alipoyainua, alisema.

"Hapana. Sikuiba. Mvua ilikuwa inakuja, nililikuta njiani, nikaliingiza ndani lisichukuliwe na watu. Nikapata habari ya mjukuu, nikasahau. Kusahau nimesahau. Kuiba, hapana."

Hakusema kwa sauti kubwa, wala hakuongeza radhi mwishoni. Bi Mwanahawa alimshika Immakulata mkono, na Immakulata alikuwa analia wazi wazi, bila hata kujifuta.

Marselino alikuwa ameshasimama. Hakimu akamwambia akae, zamu yake itafika. Akaandika kwanza, akamsomea Tharsisi alichokiandika, akamtaka atie saini, ndipo akamruhusu mlalamikaji kusema.

"Mheshimiwa, mtu huyu ni jirani yangu tangu tukiwa vijana," Marselino alisema. "Sijawahi kumsikia akisema hapana, kwa jambo lolote. Siku ile nilimuuliza umeniibia, nikarudia, nikitaka aniambie hapana tuyamalize. Hakusema. Leo amesema. Tharsisi akisema hapana, basi ni hapana. Naomba niliondoe shauri langu."

Hakimu alimhoji kama kuna mtu aliyemtisha au kumpa chochote. Marselino akasema hakuna. Hakimu akasoma tena karatasi zake kwa muda mrefu, muda ambao Immakulata aliona unatosha kupika makande, kisha akakubali shauri liondolewe na kumwambia Tharsisi kwamba yuko huru, aende nyumbani.

Nje, chini ya ubao wa matangazo, Marselino aliwakuta. Alikuwa ameshika kofia yake. Akasema, "Ndugu yangu, nisamehe."

Tharsisi akabaki ameduwaa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga bila kuonyeshwa namna ya kumshika. Alimtazama mkewe. Immakulata hakumsaidia. Alikuwa anagundua wakati huo huo kwamba mume wake, mtu mzima mwenye mjukuu, hajawahi kuambiwa neno lile na mtu yeyote, na kwamba katika hao wasiomwambia yeye mwenyewe ndiye wa kwanza.

"Nimekusamehe," Tharsisi alisema, na wakashikana mikono, na Bi Mwanahawa akawauliza wote wawili kama wanadhani duka lake linajifungua lenyewe.

Walikwenda stendi wakiwa wameachana hatua kidogo, Immakulata nyuma, jambo ambalo si kawaida yake. Walipofika karibu na magari ya Mabamba alimwita.

"Baba Jeanne."

"Naam."

"Nisamehe."

Alitegemea kusikia radhi zikimrudia, kama siku zote. Tharsisi akasimama, akageuka, akamtazama vizuri.

"Kwa lipi?" aliuliza.

Immakulata alikuwa na mengi ya kuchagua, lakini lililokuja lilikuwa moja.

"Kile chungu cha mama yako. Ni mimi niliyekivunja."

"Najua," Tharsisi alisema. "Nilikuwa mlangoni, nilikuona. Nilikusamehe siku ile ile." Kisha akampokea mfuko, akatangulia kumshikia nafasi ya dirishani.