Sampuli ya Mkulima wa Kwanza

Juzi kwenye kliniki ya sukari hapa Kitale nilipanga foleni nyuma ya mzee mmoja mkulima kutoka eneo la Kwanza. Sote tuliambiwa tuje na mkojo wa asubuhi. Sista alichovya kijikaratasi cha kupimia ndani ya chupa ya mzee, akaona hakijabadilika rangi hata kidogo, akamtazama mzee, akakitazama tena.

"Mzee, huu mkojo ni wako kweli?"

"Ni wa nyumbani kwangu."

"Wa nani?"

"Wa mama watoto," mzee akasema bila haya. "Yeye ndiye ako na afya. Si hata mahindi ukipeleka kupimwa unyevu kabla ya kuuza unachagua yale yamekauka vizuri?"

Benchi zima likaangua kicheko. Sista pia alicheka, lakini akampa chupa tupu na kumwonyesha choo kwa kidole. Mzee aliporudi, kijikaratasi kiligeuka kijani.

"Hii ni protini," sista akamwambia. "Sukari imeanza kugusa figo. Miguu haijavimba, husikii uchungu, na hapo ndipo tunataka kukupata. Ungeendelea kutuletea wa mama, tungelinda figo zake huku zako zikiharibika."

Mzee akavua kofia. "Kumbe mahindi yenye unyevu ni mimi, bana."

"Na bado yanaweza kuanikwa," sista akajibu. "Anayefuata!"

Nikaitazama chupa yangu, ambayo asubuhi hiyo niliiongezea maji ya mfereji hadi shingoni. Nikairudisha mfukoni, nikamwomba sista, kwa sauti ya chini, nami anipe chupa tupu.