Mtu wa Kumi Alibaki Garini

Kwa miaka mingi nilimuuguza bibi mmoja Myahudi hapa Johannesburg. Kabla hajafa aliomba kitu kimoja tu: mwanawe wa pekee amsomee sala ya marehemu pale pale nyumbani, jioni, kwenye matanga. Kwao sala hiyo haisomwi bila wanaume kumi. Jioni ya kwanza nikahesabu vichwa sebuleni: tisa, pamoja na mwanawe.

Wengine walisusa. Mwanawe alikuwa akiandamana kuitetea Palestina, na watu wa sinagogi lao walimwona msaliti. Kususia matanga jamani! Kwetu Bukavu hata adui yako anakuja, anakunywa chai yako, akakusengenya njiani.

Nikamwambia mwanawe, "Mume wangu ni shemasi, yuko Yeoville tu hapo. Nimuite?"

Akacheka, kisha akalia. "Lazima awe Myahudi, dada."

Eish, nilisikia aibu. Lakini wa kumi alikuwepo: mjomba wake, kaka wa marehemu, amekaa ndani ya gari nje ya geti, injini inanguruma. Nilimfuata nikamsihi, hakunijibu. Mwishowe mfiwa akatoka mwenyewe na soksi tu miguuni, shati limechanwa kifuani kwa desturi yao ya msiba.

"Mjomba, ingia. Ni kwa ajili ya mama."

"Shangazi zangu waliuawa Lithuania kwa sababu hakuna nchi iliyowafungulia mlango. Leo tuna mlango wetu, wewe unataka kuubomoa. Sema umekosea, nitaingia."

"Ni hao hao ninaowakumbuka nikiona watoto wa Gaza wakifukiwa. Siwezi kusema hivyo."

"Hata kwa mama yako?"

Akatikisa kichwa. Nilitamani kumzaba kofi, na mzee nimzabe lake. Si udanganye tu, baba, mama yako asomewe! Lakini nani aliniuliza mimi?

Gari likaondoka, likasimama kwenye taa za robot pale kona. Taa ikawa kijani, halikusogea. Wa nyuma wakapiga honi. Nilimwona mzee amelaza kichwa kwenye usukani. Nikafungua geti lote. Taa ikarudi nyekundu, ikawa kijani tena, naye akakata kona kwenda kwake.

Tuliporudi ndani, wale wanane walikuwa wameshafunga vitabu. Mfiwa akakaa kwenye kigoda chake, akafungua mdomo, akaufunga. Jua likazama, na mama yake hakusomewa kitu.