Ndevu za Venanti

"Venanti kanunua ndevu Burundi," Kuruthumu alituambia bombani. "Mtu mzima, kidevu laini kama cha mwanangu, leo ana ndevu! Msiniambie ni mvua iliyoziotesha."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana Venanti ni jirani yangu, ua wa minyaa ndio unaotutenganisha, na nilijua anapopanda bodaboda kwenda Kasulu mjini anakwenda kuchomwa sindano.

Venanti anafyatua tofali hapa Heru Juu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku. Mpole, sauti nyembamba. Wenzake kwenye tanuru walimwita "shangazi" naye akacheka nao. Alimwoa Immakulata wa Munanila, wakakaa miaka bila mtoto. Lakini alipoongeza chumba cha pili alisema, "Hiki cha Niyubahwe." Kwao Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la ukoo, na Venanti alikuwa nalo tayari, maana yake Mungu na aheshimiwe.

Alipokwenda hospitali alimkuta daktari binti, Ghati, mtu wa Mara. Akaona haya. Shida ya mtoto hakuitaja. "Nachoka, daktari. Sina nguvu za kazi." Wala hakudanganya, damu ilipopimwa homoni ya kiume ilikuwa chini sana.

"Watoto mnao?"

"Wapo," akajibu.

Basi akaanzishiwa sindano za nguvu. Nguvu zikaja kweli. Sauti ikashuka, mabega yakajaa, ndevu zikaota, na kule kwenye tanuru "shangazi" ikaisha. Lakini mgongo ulijaa chunusi, damu ikawa nzito, kichwa kikamgonga. Na hasira! Siku moja alirusha chungu cha maharage ukutani, halafu akakaa chini akilia. Immakulata aliokota vigae, akaniambia, "Dawa inafanya kazi, mama. Mtoto yuko njiani."

Hakuwa njiani. Waliporudi hospitali walinichukua na mimi, kwa sababu Kiswahili cha Immakulata ni kifupi. Safari hii Venanti alisema la moyoni. Ghati akafungua tena faili lake.

"Kaka, si uliniambia watoto wapo?"

Venanti akatazama sakafu. Daktari akaeleza kwamba mwili ukipewa homoni ya nje hujiona umeshiba, unaacha kutengeneza yake, na mbegu zinakauka. Ikabidi nimgeuzie Immakulata kwa Kiha. Nilitafuta neno la upole, nikalikosa. Nikamwambia sindano ndiyo iliyofunga.

Sindano zikasimamishwa. Masika yakapita, yakaja mengine. Mabega yalirudi chini, ndevu zikapukutika, na jua halijawa kali utamkuta Venanti ameketi juu ya kibao cha tofali, anahema. Vipimo vilikuja vilevile: mbegu hakuna. Ghati alisema mwili wake ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na sasa hauamki. Sindano anaweza kumrudishia. Mtoto hawezi kumwahidi.

Immakulata alirudi kwao Munanila. Hawakugombana. Kitanda alikiacha kimetandikwa.

Jana nilikuwa naanika maharage, na hili tumbo langu la ujauzito, Venanti akasimama uani.

"Karibu, kaka."

"Nimeshakaribia, Mama Aline. Kuruthumu anasema ndevu nimezirudisha dukani."

"Mwache, mdomo wake hauna mlango."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akaokota punje zilizoanguka, akazirudisha kwenye mkeka, moja moja.

"Sindano umerudia?" nikauliza.

"Za nini? Nguvu nikampe nani?"

Aline alikuwa anavuta kanga yangu, nikamwacha avute.

"Mumeo Makarius nitamwomba mwenyewe, yeye hana shida," Venanti akasema. "Lakini nimeanza na wewe. Huyo akizaliwa, mpeni jina la Niyubahwe. Mtoto ni wenu, sitadai kitu, wala msimwambie lilikuwa la nani. Nataka tu kulisikia likiitwa upande huu wa ua, hata kama unamkemea."