Kiti cha Enzi cha Baba Mkubwa

Najua tumekatazwa kuwasema waliotangulia. Baba yangu mkubwa namsema hivyo hivyo, na Mungu atanisamehe, maana anamjua.

Alikuwa karani hapo Tanga mjini, miaka ya hamsini, mkonge ulipokuwa na bei na kila aliyejua kupiga taipu alijiona gavana. Baba yangu alikwisha kufa, babu naye akamfuata, basi mimi na mama tukawa tunakaa kwa huyo bwana, mtaa wa Mabawa, na yeye ndiye akawa walii wangu. Hakuna mwingine wa kuniozesha ila yeye. Na mimi nilikuwa na mtu wangu. Kijana wa Kigombe, fundi cherehani, mpole, asiye na makuu. Wazee wake walileta posa kwa adabu zote. Baba Mkubwa akaipokea, akaikalia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alipenda sana kungojwa.

Kisha akagundua kuwa sisi ni wafalme.

Ilikuwa hivi. Alikwenda Tongoni kuisafisha nyumba ya babu ili aipangishe. Nyuma, ndani ya ghala, chini ya makuti na nyavu mbovu, akakuta kitu cha mbao za mvule, kirefu kama mtu, kifupi cha miguu, kimenakshiwa pembeni. Juu kimetobolewa matundu, na upande mmoja umeinama kidogo kuliko wa pili. Mtu mwenye akili angeuliza. Baba Mkubwa hakuwa mtu wa kuuliza. Aliyatazama magofu pale Tongoni, akakitazama kile kitu, akajijibu mwenyewe: hiki ni kiti cha madiwani wa zamani, watawala wa pwani, na kama kimo ndani ya ghala la baba yangu, basi mimi ni mjukuu wa diwani.

Wanakijiji wakamsaidia kukipakia kwenye lori. Walikibeba kwa heshima, wengine wakisoma dua. Yeye moyo ukamvimba. Alitusimulia wee, mpaka mate yakamkauka: "Wameniombea! Damu yangu wanaijua!" Kumbe masikini wale walidhani anakipeleka kwenye msikiti wetu mpya wa Mabawa kiwe sadaka. Ndiyo maana walimwambia Mungu amlipe.

Kiliposhushwa barazani kwetu, mama yangu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamponyoka. Akasema, "Shemeji, hiki kitu hakikai barazani." Baba Mkubwa akacheka kwa puani. "Mambo ya enzi wewe utayajulia wapi? Pepeta mchele." Mama akapepeta mchele.

Baadaye jikoni akaninong'oneza. Kile kilikuwa kitanda cha kuoshea maiti. Cha msikiti wa Tongoni tangu zamani, na babu ndiye aliyekuwa akikitunza. Matundu ni ya maji kupita, na upande ulioinama ni wa miguuni. Babu mwenyewe alioshwa juu yake. "Na mwanawe hakijui?" niliuliza. Mama akanitazama kama naye amechoka. "Atakijua wapi? Siku ile watu wameingia ndani kumwosha baba yake, yeye kakaa nje na koti lake, anapokea mikono ya watu wakubwa. Alisema ana mafua." Akanishika mkono. "Nyamaza. Ukimwaibisha, harusi yako huioni."

Nikanyamaza. Lakini Mola anajua nilivyomdharau.

Ramadhani ikaingia. Bwana yule akawa anafuturu juu ya kile kitu! Tende anaziweka palepale, kikombe cha kahawa palepale, mguu mmoja kaukunja kama sultani. Majirani wakipita kumsalimu anawaambia, "Karibuni, kaeni, nafasi ipo." Salaale! Hakuna hata mmoja aliyekaa. Huyu mgongo unamuuma, huyu ana haraka ya tarawehe, yule kaacha uji motoni. Wanasimama mbali wamefumbata mikono. Baba Mkubwa akiingia ndani anatuambia, "Mnaona? Mbele ya kiti hiki watu hawathubutu kukaa." Mama anajifunika kanga mdomoni, mabega yanacheka.

Hakuna aliyemwambia. Kwa nini wamwambie? Mtu aliyekuwa akirekebisha salamu za watu, anayekwambia shikamoo yako haikutoka vizuri, irudie! Mji mzima uliamua aendelee.

Sasa Wazungu wa mjini wakafungua chumba cha makumbusho, waonyeshe vitu vya kale vya pwani. Baba Mkubwa alikimbilia wa kwanza. Kitanda kikawekwa katikati ya chumba, kimezungushiwa kamba nyekundu, na kibao mbele: Kiti cha Enzi cha Madiwani wa Tongoni. Mzungu mmoja mzee, mwenye kujua mambo, alizunguka akikitazama akauliza matundu ni ya nini. Baba Mkubwa akamwambia ni ya upepo, diwani asitokwe jasho. Na urefu? Diwani alikuwa akikaa na mawaziri wake. Na kuinama? Waziri mdogo alikaa chini zaidi. Mzungu akaandika yote. Sijui nimcheke nani kati yao, mwongo au mwandishi wake.

Baada ya hapo ndipo alipoikumbuka posa yangu. Akawaita wazee wa yule kijana, baba yake na shangazi yake, waje mjini. Hakuwakaribisha nyumbani. Aliwapeleka makumbusho, na mimi akaniamuru nifuate nyuma, nione mwenyewe ukoo ninaotaka kuutia doa. Nilijua anakwenda kuwakatalia mbele ya kile kitu, na kwamba nikifungua mdomo ananifungia maisha.

Mle chumbani akasimama kando ya kamba, akanyoosha bakora yake. "Ndugu zangu," akasema, "mmekuja kuomba mke. Nilitaka kwanza mwone mnakoomba. Watu waliokaa hapa hawakuwa wakioza binti zao kwa mafundi cherehani."

Mzee wa Kigombe aliinama akapita chini ya kamba, akaweka kiganja juu ya mbao, akasema taratibu, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Shangazi akaivuta kanga yake kichwani.

Baba Mkubwa akatabasamu. Wallahi alitabasamu! "Umeona sasa?"

"Nimeona," mzee akasema. "Babako tulimlaza hapa. Kichwa huku, miguu huku. Nilikuja kutoka Kigombe alfajiri, tukamwosha watu wanne, mimi nikashika maji. Tulikungoja sana uingie. Mtu akatoka kukuita, ukasema una mafua."

Sijapata kuona uso wa mtu ukishuka vile. Alikitazama kitanda, akayatazama matundu, na nikaona kila tende aliyoila pale inamrudia kooni. Nilingoja aseme neno juu ya baba yake. Neno moja tu: nisameheni, au, alikuwaje siku ile? Hata mimi, niliyemchukia, ningemhurumia.

Akageuka akaangalia mlangoni, alipokuwa yule Mzungu mzee. Akauliza kwa kunong'ona, "Wao wanajua?"

Yaani hilo ndilo lililomuuma! Baba yake wala hakumjia kichwani. Aliogopa kile kibao.

"Wazungu hawajui," mzee akasema. "Tanga nzima inajua."

"Basi msiwaambie," Baba Mkubwa akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kolani. "Posa nimeikubali. Mchukueni. Mchukueni hata Ijumaa hii, mahari mtakayo. Tumalize."

Ningepaswa kufurahi. Hasira ilinipanda. Mwaka mzima nimemngoja huyu mtu aseme ndiyo, na ndiyo yenyewe ananirusha kama mfupa unaorushiwa mbwa asibweke.

Mzee wa Kigombe akatikisa kichwa. "Sisi tulikuja kuomba mke, hatukuja kuzibwa midomo. Kitanda hiki kirudi Tongoni, watu wanakihitaji. Utawaambia nini wenye chumba, shauri lako. Na huyu mtoto, umemuuliza?"

"Wa nini kuulizwa? Mwari haulizwi, kunyamaza kwake ndiyo kukubali kwake. Mbona kanyamaza?"

Ni kweli, ndiyo desturi yetu. Mwari akiulizwa anainamisha kichwa, watu wanasema kakubali, vigelegele vinapigwa. Mzee akanigeukia mimi. "Mwanangu, wamtaka mwanangu?"

Shangazi mtu alikuwa tayari ananitazama shingo, anangoja iiname. Sikuinama. Nilimtazama Baba Mkubwa usoni, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie kwake, nikasema kwa sauti hata Mzungu pale mlangoni akageuka, "Namtaka. Na siku ya nikahi wewe, Baba Mkubwa, uwe na mafua."